Behringer UMC202HD na Shure SM57: nilivyozitumia shilingi 60,000 za kurekodi nyumbani Kisumu

Kiwango nilichojiwekea cha kununua vyombo vya kurekodia kilikuwa shilingi 60,000, na nilikipigia hesabu kwanza. Mimi ni mhasibu wa sacco ya matatu hapa Kisumu. Gawio langu la mwaka likiingia huwa naligawa sehemu tatu: karo, ujenzi wa nyumbani, na kitu cha roho. Cha roho ni muziki. Napiga gitaa, naimba kwaya, na baba yangu mdogo kule Kombewa ni mpiga nyatiti, ala ya nyuzi ya Wajaluo, ambaye kazi yake haijawahi kurekodiwa ipasavyo popote. Nilitaka kuirekodi mimi mwenyewe, polepole, bila mtu kututazamia saa.

Studio ndogo niliyoiulizia upande wa Kondele ilinitajia shilingi 1,500 kwa saa, fundi akiwemo. Kwa bei hiyo, 60,000 ni saa 40 za studio. Hilo ndilo swali ambalo mtu wa kujifurahisha anapaswa kujiuliza kabla hajagusa mfuko: nitarekodi zaidi ya saa 40? Mwenye nyimbo tatu za harusi ya dadake aende studio, alipe, aondoke na kazi safi, na pesa zinazobaki azifanyie mengine. Mimi nilijua saa 40 zitapita haraka. Mzee haimbi kwa miadi. Anaweza kukaa asubuhi nzima akikaza nyuzi na kusimulia habari za watu waliokufa zamani, halafu ndani ya dakika kumi akatoa kitu ambacho hutakisikia tena. Studio ya kulipia kwa saa haimfai mtu kama huyo, na haiwezi kubebwa hadi Kombewa.

Kabla ya kuingia duka lolote niliirekodi nyumba yangu kwa simu. Naishi Migosi, nyumba ya mabati yenye dari ya gypsum. Niliweka simu mezani sebuleni, nikanyamaza, nikaiacha irekodi asubuhi, adhuhuri na jioni, kisha nikasikiliza kwa makini. Kulikuwa na friji, pampu ya maji ya jirani, boda boda zikipanda barabara, jogoo wasiojua saa, televisheni ya ukuta wa pili. Jioni zingine kulikuwa na mvua, na mvua ya Kisumu juu ya mabati haipingwi na maiki ya bei yoyote. Hapa mvua hupenda alasiri na jioni, upepo wa ziwani ukishapanda bara na mawingu kujikusanya upande wa milima ya Nandi. Chumba cha kulala kilikuwa afadhali zaidi kwa sababu ya godoro, kabati la nguo na dirisha dogo. Kwa hiyo nilianza ununuzi nikijua ninarekodia wapi na saa ngapi: chumbani, alfajiri, friji ikiwa imezimwa.

Nawasihi wote wanaotaka kununua vyombo hivi wafanye hivyo kwanza, maana jibu la "nitumie pesa ngapi" liko humo. Kelele ya nyumba haijui bei ya maiki. Ikiwa chumba chako kina mwangwi na barabara iko dirishani, maiki ya elfu sitini itakuletea mwangwi huohuo na barabara ileile, kwa usafi zaidi.

Katika duka moja la elektroniki hapa mjini nilishauriwa kuchukua seti ya BM-800: maiki, mkono wa kufunga mezani, sponji, na waya wa kuchomeka moja kwa moja kwenye kompyuta, yote kwa bei ya chini sana. Niliomba kuisikia hapo hapo. Sauti ilikuwa ndogo na nyuma yake kulikuwa na mvumo usiokoma. BM-800 ni maiki ya kondensa, aina inayohitaji umeme wake. Intafesi ya kweli, kisanduku kinachopokea maiki na kuipeleka kwenye kompyuta, huipelekea volti 48 kupitia waya wa XLR, ule wa maiki wenye pini tatu, ilhali tundu la maiki la laptopu hutoa volti chache mno. Muuzaji alisema mvumo utaondolewa na programu. Programu hupunguza mvumo, lakini huondoka pamoja na sehemu ya sauti yenyewe, na kwa chombo cha nyuzi utaijua hasara hiyo mara moja.

Mwenzangu wa kwaya aliniazima maiki ya Audio-Technica AT2020, nikaiweka sambamba na maiki ya Shure SM57 niliyokuwa nimeanza kuitamani. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo wengi hupoteza pesa. AT2020 ni kondensa. Husikia kuanzia hezi 20, sauti nzito kabisa, hadi 20,000, nyembamba kabisa, na kwa sauti ya nguvu ileile hutoa umeme karibu mara tisa ya ule wa SM57. SM57 ni dainamiki, huanzia hezi 40 na kuishia 15,000, na haihitaji volti 48. Ukisoma karatasi tu utasema AT2020 imeshinda. Kwa gitaa langu la mbao, alfajiri, chumbani, kweli ilishinda: kila kucha kwenye uzi ilisikika, na hewa juu ya noti za juu ilikuwepo. Kufikia saa tatu asubuhi, boda boda zimeamka, nilikuwa nasikia mtaa mzima ndani yake.

Watu husema dainamiki haisikii kelele. Nilizipima zote mbili kwa umbali mmoja, sentimita 15 kutoka gitaani, nikasawazisha nguvu za sauti, na tofauti ya kelele ya mtaa ikawa ndogo kuliko nilivyotarajia. Kinachookoa ni ukaribu. Ukiongeza umbali wa maiki mara mbili, sauti ya chombo hupungua kwa desibeli sita hivi, na kelele ya chumba hubaki palepale. SM57 hukulazimisha kusogea, maana ukiiweka mbali haina nguvu. AT2020 hukudanganya ukae mbali, kwa sababu bado inasikia. Kwa nyumba kama yangu, na kwa mzee anayepiga kwa nguvu, SM57 ilinitosha. Mwenye chumba kimya na sauti nyororo, hasa anayesoma hadithi au kuimba kwa upole, AT2020 itamfaa zaidi, na bei zao hazikuachana sana dukani.

SM57 yangu iligharimu 15,500. Iko sokoni tangu 1965 na dadake SM58 tangu 1966, na umaarufu huo umeleta ghushi nyingi. Uzito ni dalili mojawapo: SM57 halisi ina gramu 284 na SM58 ina gramu 298. Nilikwenda na mizani ndogo ya kidijitali ninayopimia unga, nikaipima juu ya kaunta. Muuzaji hakuchukia. Uzito peke yake hautoshi, maana aghushiye anaweza kuongeza chuma ndani, kwa hiyo nilitaka pia risiti yenye namba na garanti ya maandishi. Ukiuziwa "SM58 orijino" kwa shilingi elfu tatu, hiyo si SM58.

Sasa intafesi yenyewe. Nilichukua Behringer UMC202HD kwa 14,500, na hiki ndicho kifaa ninachokipenda kuliko vyote nilivyonunua. Kina matundu mawili ya mbele, kila moja likipokea maiki au gitaa, priampu (sehemu za kukuzia sauti ya maiki) zilizosanifiwa na Midas, na kasha la chuma ambalo halijalegea hata baada ya kusafiri kwenye begi la mgongoni ndani ya matatu za Bondo. Kinachukua umeme wake kwenye waya wa USB. Waya huo ni ule wa printa, hivyo ukikatika utapata mwingine mtaani siku hiyo hiyo.

Hiyo habari ya umeme wa USB kwetu ni kubwa. Ukanda huu wa Ziwa Victoria ni miongoni mwa sehemu zenye radi nyingi zaidi duniani, na stima hupotea na kurudi kwa kishindo. Kifaa cha kuchomeka ukutani kingekuwa kinazimika katikati ya wimbo, au kinaungua. Mimi huchomoa chaja na kurekodi kwa betri ya laptopu. Mvumo wa chini uliokuwa unanisumbua kila chaja ilipokuwa ndani hukatika palepale, kwa sababu sehemu kubwa yake ilitoka kwenye waya za nyumba zisizo na athi nzuri, yaani waya wa ardhini. Stima ikipotea jirani analalamika nami sijui.

Ina upungufu, na ni halali kuutaja. Ukizungusha kitufe cha maiki karibu na mwisho, priampu zinaanza kutoa sauti ya hewa, "shhh" nyembamba. Kwa nyatiti sifiki huko. Kwa mtu anayenong'ona mbele ya SM57 atafika, na atasikitika. Swichi ya volti 48 iko nyuma na huwasha matundu yote mawili kwa pamoja. Tundu la hedifoni lina nguvu ya wastani tu. Mpiga ngoma asingeridhika. Sikuipenda pia sifa ya hezi 192,000, yaani sampuli za sauti kwa sekunde, iliyoandikwa kwa mbwembwe kwenye boksi. Sikio la binadamu huishia hezi 20,000 hivi, na kurekodi kwa 48,000 kunabeba hadi 24,000. Kwa biti 24 (kina cha kila sampuli) na njia mbili, dakika moja ya 48,000 ni takriban megabaiti 17. Kwa 192,000 ni takriban 69. Diski yangu ni ndogo na mzee anapenda kuongea.

Nililinganisha na Focusrite Scarlett 2i2 ya kizazi cha nne, ambayo niliulizwa 32,000. Ni intafesi nzuri kuliko yangu, sitaficha. Ina nguvu ya kukuza maiki ya desibeli 69, inajipimia yenyewe kiwango cha sauti, na hujizuia sauti isipasuke. Kwa anayerekodi sauti ya chini kwa maiki ya dainamiki, hizo elfu kumi na saba na nusu za ziada zina kazi ya kufanya. Kwangu zilikuwa bei ya maiki nzima na zaidi, na maiki ndiyo niliyokuwa sina.

Nilichagua matundu mawili badala ya moja kwa sababu ya nyatiti yenyewe. Mtu mmoja anafanya kazi ya bendi. Kuna nyuzi nane juu ya bakuli lililowambwa ngozi, siku hizi mara nyingi nailoni ya wavuvi. Kuna oduong'o, pete ya chuma kwenye kidole gumba cha mguu, inayogonga fremu. Kuna njuga mguuni. Na juu ya yote kuna sauti ya mwimbaji. Vyote vinatoka kwa mwili mmoja ulioketi juu ya kigoda, karibu na ardhi. Maiki moja iliyowekwa mbele huchukua kila kitu kwa pamoja, na njuga hushinda kwa sababu ni kali.

Kombewa tulirekodi katika jiko la zamani la mzee, nyumba ya udongo yenye paa la nyasi. Sijapata chumba kizuri kama kile Kisumu nzima. Nyasi hunyonya sauti, kuta hazijanyooka, hakuna mabati, na barabara iko mbali. SM57 niliiweka sentimita 20 hivi kutoka kwenye ngozi. Maiki ya pili ilikuwa SM58 ya kwaya, ambayo mwenyekiti ameniruhusu niitumie siku zisizo za ibada, nikaiweka karibu na mdomo. Umbali kati ya maiki na maiki unafaa uwe angalau mara tatu ya umbali wa maiki na chanzo chake, zisije zikachukua sauti moja kwa nyakati mbili tofauti na kufanya mchanganyiko kuwa mwembamba. Urefu wa mgongo wa mzee ulitupatia nafasi hiyo.

Alisikiliza kwa hedifoni kipande cha kwanza hadi mwisho, macho kafumba, kisha akasema, "Nyara (binti yangu), njuga zimemeza uzi wa chini." Alikuwa amesikia kweli. SM57 husikia mbele na kuziba nyuma, kwa hiyo niliigeuza mgongo wake ukatazama mguu na mdomo wake ukabaki kwenye bakuli. Njuga zilirudi mahali pake, nyuma, zikihesabu mwendo. Kilele cha sauti nilikiacha karibu na desibeli 12 chini ya kikomo, maana akipandwa huongeza nguvu bila taarifa, na biti 24 zinakuachia nafasi hiyo bila hasara ya kusikika.

Mengine nitapita haraka. Hedifoni ni ATH-M20x za 8,500, zilizofunikwa nyuma ili sauti isivuje kurudi kwenye maiki. Waya wake wa mita tatu hauchomoki, jambo linalokera ukiinuka. Stendi mbili ni 5,000 na waya mbili za XLR 2,400. Programu ni Reaper. Unaijaribu siku 60, kisha leseni ya mtu wa kawaida ni dola 60, zilizonigharimu kama 7,800. Asiyetaka kulipa achukue Audacity, ni bure na kwa kurekodi njia mbili inatosha kabisa.

Shilingi 3,600 zilikwenda soko la Kibuye siku ya Jumapili, kwenye mitumba: mapazia mazito ya hoteli na mablanketi manene. Haya yamefanya kazi kuliko kifaa chochote cha bei hiyo. Nilitundika mapazia safu mbili mbele ya dirisha, na blanketi nyuma ya mwimbaji, likiachana na ukuta kwa upana wa kiganja. Mwangwi wa chumba ulipungua hata sikio la mume wangu, asiyejali haya mambo, likasikia. Sponji nyembamba za rangi rangi za kubandika ukutani sikuzinunua. Zinanyonya sauti za juu tu, zile za kati na za chini zinabaki zikizunguka, na chumba kinaanza kusikika kizito bila kuwa kimya. Spika za studio nazo nilizikataa. Katika chumba chenye pembe nne tupu zingenionyesha pembe hizo kuliko muziki wenyewe. Kazi yangu naijaribu kwa hedifoni, kisha ndani ya gari la shemeji, kisha kwenye redio ndogo ya jikoni.

Jumla ilikuwa 57,300, na zilizobaki zilinunua flashi ya kuhifadhia nakala. Kila rekodi ya mzee iko sehemu tatu, moja nyumbani kwa mwanawe Nairobi.

Mwenye shilingi 30,000 ningemwambia achukue intafesi hiyohiyo na SM57 hiyohiyo, aazime hedifoni na waya wa XLR, na maiki aisimamishe kwa chochote hadi mwezi ujao. Mwenye 15,000 asinunue maiki ya bei rahisi pamoja na intafesi ya bei rahisi. Anunue mapazia mazito na stendi ya simu, arekodi kwa simu karibu na chombo, alfajiri, huku akiweka akiba. Mwenye 150,000 ningemtaka kwanza aniletee rekodi ya chumba chake kikiwa kitupu. Ikiwa nitasikia mabati au barabara, sehemu kubwa ya pesa hizo ni za fundi wa dari na mlango mzito.

Nimeipa UMC202HD nyota nne kati ya tano, ile moja nikiizuia kwa sababu ya "shhh" ya mwisho wa kitufe. SM57 nimeipa tano. Ukienda kuzinunua, beba laptopu yako na waya wa printa, weka draiva ya Behringer mapema, na usitoe pesa kabla hujarekodi dakika moja kwa kila tundu, volti 48 zikiwa zimewashwa na zikiwa zimezimwa, ukisikiliza kwa hedifoni zako mwenyewe. Duka lisilokuruhusu kufanya hivyo, toka uende la jirani.